Muulize Anko: Roboti za Shuleni na Hela za Makampuni

Toleo lililopita niligusia kidogo tu klabu za roboti mashuleni, mistari mitatu, basi simu yangu haijapumzika. Mmeandika wazazi, maticha, fundi mmoja wa gereji na mwanafunzi mmoja ambaye kwakweli ameniuliza swali zuri kuliko nyie wote. Nimechagua matano, mengine yalikuwa yananiuliza bei ya vishkwambi, hiyo siyo kazi yangu.

*

Anko shikamoo. Binti yangu yupo form two shule ya binafsi. Wametuletea karatasi ya klabu ya roboti, laki moja na nusu kwa muhula, mbali na ada. Baba yake anasema haya ni mambo ya watoto kuchezea LEGO tulipe hela ya nini, akasome hesabu maana hesabu ndo zinamshinda. Ila juzi mtoto kaja ananiambia mama nimejifunza kuandika kodi, nikajua anaongelea TRA kumbe kompyuta. Nilipe au nisilipe?
Mama Wawili, Tabata

Marahaba dada. Umenichekesha na hiyo kodi. Subiri aje akwambie roboti lake lina sensa, usije ukadhani ni ile ya watu na makazi.

Ngoja nikuelezee kitu nilichokiona kwa macho yangu Jumamosi moja kwenye klabu kama hiyo, alafu wewe na mzee mtaamua. Watoto walipewa kigari cha roboti kifuate mstari mweusi uliobandikwa kwa utepe kwenye karatasi nyeupe. Chini ya kigari kuna sensa ya mwanga, ikiona nyeupe inaleta namba kubwa, ikiona nyeusi inaleta namba ndogo, na wewe inabidi uiambie kompyuta ni namba gani ya katikati ambayo ikivukwa gari likate kona. Kulikuwa na binti mmoja mkimya hivi, asubuhi gari lake limezunguka vizuri kabisa, kila mtu kapiga makofi. Saa nane mchana gari lilelile, programu ileile, linatoka nje ya mstari linaenda kugonga mguu wa meza. Wenzake wakaanza kubadilisha spidi, wengine wakasema betri. Yeye kakaa chini kabisa sakafuni, akawa anasoma namba moja moja: juu ya nyeupe asubuhi ilikuwa 60 saivi 82, juu ya nyeusi ilikuwa 10 saivi 40. Akanyanyua kichwa akaangalia dirishani. Jua! Jua lilikuwa limehamia upande ule na linapiga mezani. Akachukua kanga ya mama mmoja akatundika dirishani, gari likarudi kwenye mstari. Alafu, na hapa ndo nilipompenda, akasema kanga siyo jibu maana siku ya mashindano sitakuwa na kanga, akaandika programu ipime kwanza nyeupe, ipime nyeusi, ijumlishe, igawe kwa mbili, ndo ianze safari.

Dada, hiyo jumlisha gawa kwa mbili ni wastani. Mwambie mzee hiyo ni hesabu ya shuleni kabisa, ila hapa mtoto kaitafuta mwenyewe akiwa na shida, hajaandikiwa ubaoni akakariri.

Utafiti nao upo. Chuo cha Brandeis kule Marekani walianza mwaka 2012 kuwafuatilia kwa miaka mingi watoto waliopita kwenye programu za FIRST, shirika la kulekule lenye mashindano ya roboti ya wanafunzi, kati ya makubwa zaidi duniani, wakawalinganisha na wenzao wasiopita, na wakakuta waliopita wanaendelea kuvutiwa na sayansi na uhandisi zaidi, na mabinti ndo wanaonufaika kuliko wavulana. Ila nikwambie ukweli wote, aliyeagiza utafiti huo ni FIRST wenyewe, kwahiyo usome ukiwa umekunja jicho moja.

Sasa kabla hujalipa nenda pale shuleni siku ya klabu bila kuaga. Hesabu watoto wangapi kwa boksi moja la vifaa vya roboti, wakizidi wanne basi wa tano analipa laki na nusu kuangalia wenzake. Na angalia mikono ya nani ipo kwenye roboti na kompyuta. Sehemu nyingi utakuta wavulana wameshika bisibisi na mabinti wamepewa kalamu za rangi wapambe bango. Ukikuta hivyo kwa binti yako usilipe hata mia, na ukikuta anashika mwenyewe lipa, mzee atazoea.

*

Habari Anko. Mimi ni ticha wa fizikia shule ya serikali huku mkoa wa Morogoro. Kuna kampuni wamekuja kwa mkuu wa shule wanataka kutufungulia maabara ya roboti, maboksi kumi, projekta, na jina lao kubwa ukutani, na watoto wavae tisheti zao siku ya uzinduzi. Mkuu kakubali palepale. Mimi ndo nitakayeisimamia na sijawahi kushika roboti. Nafurahi ila moyo unasita. Je nikae kimya?
Ticha Fizikia

Usikae kimya ticha, na moyo wako uko sawa kusita, ila usije ukawafukuza pia.

Mimi niliwahi kufundisha kabla sijaingia kwenye haya maandishi. Kwenye shule moja niliyokuwepo kampuni fulani ilikuja hivyohivyo. Siku ya uzinduzi kulikuwa na hema, spika, wali nyama, kamera mbili, bosi kakata utepe, watoto wamevaa tisheti kubwa mpaka magotini. Jumatatu yake nikaenda kuomba ufunguo, nikaambiwa maboksi ni mali ya thamani yapo ofisini kwa mkuu mpaka upatikane utaratibu. Utaratibu ulipatikana baada ya mihula miwili. Tulipofungua, betri za kuchaji zilikuwa zimekufa zote kwa kukaa bila kuchajiwa, na mle ndani hakuna mtu anajua waya gani unaingia wapi, mimi nikiwa wa kwanza. Nikapiga namba ya kampuni nikaambiwa yule dada aliyeshughulikia mradi ameshaacha kazi. Tisheti ndo zilidumu, kuna mtoto alikuwa anachezea mpira na yake hadi anamaliza form four.

Kwahiyo swali siyo jina ukutani. Jina acha waweke, hata kwa rangi ya dhahabu wakitaka. Swali ni nani atakuja Jumatano inayofuata.

Nikurudishe nyuma kidogo. Hii michezo ya FIRST ilianzishwa 1989 na Dean Kamen, mvumbuzi wa kule New Hampshire, yule aliyetengeneza pampu ya insulini ya kuvaa mwilini kwa wagonjwa wa kisukari. Alishirikiana na profesa wa chuo cha MIT anaitwa Woodie Flowers, marehemu saivi, alifariki 2019, ambaye darasani kwake alikuwa anawapa wanafunzi mfuko wa vikorokoro wote sawa anawaambia tengenezeni mashine mshindane. Mashindano ya kwanza yalikuwa 1992 kwenye ukumbi wa mazoezi wa shule moja ya sekondari mji wa Manchester kulekule New Hampshire, timu 28 tu. Saivi zipo zaidi ya elfu tatu. Na tangu mwanzo wazo lao halikuwa kampuni ilete boksi iondoke, wazo lilikuwa injinia wa kampuni akae meza moja na watoto jioni, watoto wamuone anakosea, anafuta, anatukana kimoyomoyo, anaanza upya. Mtoto ambaye kwao hakuna injinia hata mmoja anajuaje hii kazi inafanywaje? Kwa kumuona mtu anaifanya.

Sasa ukirudi kwa hao wageni wako omba watu. Waambie ticha wa fizikia anashukuru sana kwa maboksi kumi ila angependelea matano na fundi wao mmoja wa umeme au wa kompyuta aje masaa mawili kila wiki kwa muhula mzima, mshahara wake si wanaulipa wao hata hivyo. Kampuni nyingi hazijawahi kuombwa hivyo, wamezoea kuombwa hela na viti vya plastiki. Wakikataa kutoa mtu kabisa, basi hapo umejua walichokuja kununua ni picha, na picha nayo ina bei yake, waongezee bajeti.

Mengine yaandikwe kwenye karatasi na siyo kwa maneno. Betri za akiba na vipuri kwa angalau miaka miwili. Wewe ticha upewe mafunzo kabla ya uzinduzi siyo baada, na upewe boksi moja uende nalo nyumbani likizo uliharibu mwenyewe ukiwa peke yako, hakuna shule nzuri kama hiyo. Ufunguo ukae kwako. Picha za watoto zisitumike kwenye matangazo bila wazazi kuulizwa, hapo uwe mkali kidogo, maana mzazi wa kijijini haulizwi alafu anaona sura ya mwanawe kwenye bango la barabarani. Na wasije wakauza bidhaa zao darasani. Tena mtaala mpya huu ulioanza kutumika 2024 una mkondo wa amali, kwahiyo una hoja ya kumpelekea mkuu wako kwamba hiki kitu kina nafasi kwenye ratiba, siyo mchezo wa baada ya vipindi.

Na usiseme makampuni yetu hayawezi. Angalia Young Scientists Tanzania, yale maonyesho ya sayansi ya sekondari pale Dar, taasisi ya Karimjee Jivanjee imewasimamia washindi mpaka kuwalipia chuo kikuu. Jina lao linatajwa kila mwaka na hakuna anayenung'unika, kwasababu mtoto kasoma.

*

Anko, salamu kutoka Minneapolis. Mimi ni mtu wa Mombasa, niko huku mwaka wa kumi na moja sasa. Kijana wangu yuko haiskuli amejiunga na timu ya roboti. Tangu January harudi nyumbani mpaka saa tatu usiku, baridi kali, mimi ndiye dereva wa kumchukua baada ya kazi. Nikimuuliza anasema hii ni spoti. Spoti gani bila mpira? Na juzi nimemkuta anaandika barua za kuomba pesa kwa makampuni. Sikumleta Amerika aje kuwa mwombaji. Nifanyeje?
Baba Watatu

Pole na baridi ndugu yangu, na pole na udereva.

Kwanza kijana hajakudanganya, ni spoti. Huko Minnesota hasa, chama cha michezo cha sekondari cha jimbo kinautambua mchezo huu wa FIRST niliomwambia ticha hapo juu na una mashindano ya jimbo, na kuna kipindi ilisemwa timu za roboti ni nyingi kuliko za hoki ya wavulana, na wewe unajua hoki huko ni kama Simba na Yanga huku kwetu.

January ndo inaanza kwasababu mchezo wa mwaka unatangazwa siku moja kwa dunia nzima mwanzoni mwa mwezi huo. Kabla ya siku hiyo hakuna anayejua roboti litatakiwa kufanya nini, kurusha mipira, kupanda ngazi, kubeba mabomba, kila mwaka tofauti. Zamani walikuwa na wiki sita tu alafu roboti linafungiwa kwenye mfuko na kupigwa lakiri wasiliguse mpaka mashindano, hiyo sheria ya mfuko waliiondoa kuanzia msimu wa 2020 lakini presha haijapungua. Na siyo kidude cha mezani, ni mashine ya zaidi ya kilo hamsini, betri yake tu inakaribia kilo sita, inakatwa kwa msumeno, inafungwa spana, inaandikiwa programu. Mechi ni roboti tatu kwa tatu, dakika mbili na nusu hivi, na sekunde za mwanzo hakuna mtoto anayeruhusiwa kugusa chochote, roboti linajiendesha lenyewe kwa walichoandika.

Sasa hizo barua. Ada ya timu kujiandikisha msimu inapita dola elfu sita, hapo hujanunua chuma, hujalipa basi wala hoteli kama wanaenda mji wa Duluth. Shule hailipi yote, kwahiyo timu inaendeshwa kama kampuni ndogo, kuna watoto wa mahesabu, wa matangazo, wa wadhamini. Kijana wako wa miaka kumi na sita anaandika barua kwa meneja, anapewa dakika kumi, anavaa shati lililopigwa pasi anaenda kueleza bajeti yake na nini kampuni itapata. Ndugu yangu, sisi wengine tulifika miaka thelathini ndo tukaingia ofisi ya bosi na magoti yanagongana. Kuomba ni kunyoosha mkono, huyu ananyoosha hesabu. Na huko ulipo kumejaa viwanda vya vifaa vya hospitali, Medtronic wapo hapohapo mlangoni, mainjinia wa sehemu kama hizo wengi ndo wanakaa na hizi timu jioni. Mtoto wa mhamiaji hana mjomba mule ndani. Yule mzee mwenye miwani anayemfundisha kupima kipenyo kwa kalipa anaweza kuwa ndo mtu wa kwanza kumuandikia barua ya kumsifia akiomba chuo, na nafasi za ufadhili wa masomo kwa watoto waliopita FIRST zipo, amuulize kocha wake mapema asingoje mwaka wa mwisho.

Fanya hivi: siku ya mashindano usimshushe ukaondoka. Ingia, vaa miwani ya usalama watakayokupa mlangoni, nenda sehemu wanayotengenezea. Utaona jambo litakushangaza, timu inatangaza kwa spika kwamba imekosa betri au skrubu fulani na wapinzani wao ndo wanakimbia kuwaletea. Yule profesa Flowers aliipa tabia hiyo jina, kama kusema uungwana wa kikazi, na wanaichukulia siriazi kwelikweli. Kwenye mpira wa mtaani kwetu ukimkopesha mpinzani viatu wenzako watakupiga.

Ila na wewe una hoja kwenye jambo moja. Kurudi saa tatu usiku kila siku kumezidi kama maksi zinashuka. Angalia matokeo yake, yakishuka kaa na kocha mpange siku tatu kwa wiki. Timu nzuri itakubali, isiyokubali ina kocha anayetafuta kikombe chake mwenyewe.

*

Kaka Anko mambo. Mimi ni fundi gereji Arusha, nachomelea na nafanya umeme wa magari, darasa la saba tu. Hapa jirani na gereji kuna sekondari. Natamani kusaidia hayo mambo ya roboti ila mimi siyo kampuni, sina hela ya kutoa, na naona kama watanicheka.
Fundi Umeme

Poa fundi. Nikuhadithie kitu ukae nacho hapo gereji.

Mwaka 2017 mabinti wa Afghanistan, wengi wao kutoka mji wa Herat, walitakiwa kwenda Washington kwenye mashindano ya roboti ya dunia, kila nchi inaleta timu moja. Wakanyimwa viza mara mbili. Kelele zikapigwa dunia nzima mpaka wakaruhusiwa dakika za mwisho, wakaenda na wakarudi na medali. Ilipoingia korona 2020, mabinti wa timu hiyo wakakaa Herat wakatengeneza mfano wa mashine ya kumsaidia mgonjwa kupumua. Unajua walitumia nini? Mota ya Toyota Corolla na cheni ya pikipiki ya Honda! Vitu vya sokoni.

Sasa niambie nani pale Arusha anajua mota ya waipa ya Corolla inavuta ampea ngapi, inageukaje kushoto ukibadilisha waya, na inaungua saa ngapi ukiizuia isizunguke? Siyo kampuni ya simu, ni wewe. Nenda kamuone mwalimu wa fizikia, siyo mkuu kwanza, mwalimu. Beba mota mbili za waipa mbovu na moja nzima, betri moja, na fyuzi. Mwambie nataka lisaa limoja Ijumaa, watoto wazifungue. Watakaocheka ni wale wa benchi la nyuma na watacheka mpaka mota izunguke. Fyuzi usisahau tafadhali, na betri ya gari usiiache na watoto peke yao hata dakika moja, wewe unajua spana ikigusa kwenye vichwa vyote viwili inakuwaje.

*

Shikamoo Anko. Nipo form three Tanga. Shuleni kwetu kuna boksi moja la LEGO EV3 lililoachwa na wazungu zamani. Haliwaki, na ticha anasema LEGO wameacha kutengeneza kwahiyo tulitupe. Ni kweli?
Mwanafunzi

Marahaba mwanangu. Ni kweli na siyo kweli. LEGO waliacha familia nzima ya Mindstorms, yaani zile roboti zao ambazo EV3 ni mojawapo, mwisho wa 2022, lakini kuacha kutengeneza hakujaua boksi lenu.

Anza na betri, ndo ugonjwa wa kwanza. Likiwa na ile betri ya kuchaji ya LEGO wenyewe angalia kama imevimba, ikivimba itoeni msiichaji tena. Geuzeni lile tofali kuu lenye skrini mgongo wake ufunguke, ndani mnaweza kuweka betri sita ndogo za kawaida, zile za rimoti nene kidogo, AA. Wekeni mpya zote sita, msichanganye na za zamani. Likiwaka chomekeni mota moja kwenye tundu A, alafu B, C, D, na kila sensa kwenye 1 hadi 4, andikeni kwenye daftari ipi inafanya ipi haifanyi. Waya usije ukajaribu wa simu ya mezani, unafanana lakini kile kidole cha kubania kimekaa pembeni, hautaingia. Kama programu ya zamani inawasumbua kwenye kompyuta, ubavuni pana tundu la memori kadi ndogo kama ya simu, mnaweza kuweka mfumo wa MicroPython humo mkaandika kwa Paitoni, lugha ya kuandikia programu, inatumika bure kabisa. Na nyie mpo Tanga mna bahati, pale mjini pana STEM Park, nendeni na boksi lenu mkononi muulize, msiende mikono mitupu.

Niandikie ni tundu gani limekataa na mmejaribu waya mingapi.